PlayStation, coltan na sisi watu wa Katanga



Juma lililopita nilikuwa Katuba, kwa dada yangu. Mtoto wake wa pili, mwenye miaka 14, alikuwa anacheza play na rafiki zake wawili. Umeme ukakatika, kama kawaida, wakabaki wamekaa gizani na maneti mikononi. Njo pale akanigeukia: "Mujomba, ku masomo banasema ile vita ya Kivu ilitokeaka juu ya PlayStation. Ni kweli?" Mwenzake akadakia kabla sijafungua kinywa: "Ni kweli! Iko na coltan yetu ndani. Iko na damu."

Mimi ni mtu wa metalurjia, wengi wenu mnanijua tangu auditwari, lakini nilishindwa kumjibu kwa sentensi moja. Nilimwambia angoje, nitamletea jibu. Nimeliandika hapa kwa sababu sentensi ile ile nimeisikia hata kwa watu wenye diplomi mbili, na kila mara inasemwa haraka kama vile mambo yote yamekwisha kueleweka. Hayajaeleweka. Ili kuyaelewa inabidi kwanza tuijue hii mashine ilitoka wapi.

Mashine iliyozaliwa na hasira

Sony ilianzishwa Tokyo mwaka 1946 na Masaru Ibuka na Akio Morita, mji ukiwa bado magofu ya vita. Ilijulikana kwa redio, televisheni na Walkman ya mwaka 1979. Michezo ya video haikuwa kazi yake. Ile ilikuwa kazi ya Nintendo, na baadaye Sega.

Ndani ya Sony alikuwepo mhandisi mmoja, Ken Kutaragi. Huyu alitengeneza chipu ya sauti iliyowekwa ndani ya Super Famicom, mashine ya Nintendo, wakati wakubwa wengi wa Sony waliona michezo ni mambo ya watoto tu. Kazi ile ikafungua mlango. Mwaka 1988 kampuni hizi mbili zilikubaliana kwamba Sony itatengeneza kifaa cha kusoma CD kwa ajili ya Super Famicom.

Juni 1991, kwenye maonyesho makubwa ya Chicago, Sony ikatangaza mashine yake ya kuchukua kaseti za Nintendo na CD pamoja. Jina lake lilikuwa "Play Station", maneno mawili. Siku iliyofuata, pale pale Chicago, Nintendo ikatangaza kwamba mradi wa CD itaufanya na Philips, washindani wa Sony. Wakubwa wa Nintendo walikuwa wameusoma mkataba upya na kuona kwamba unaipa Sony mamlaka juu ya michezo yote ya CD. Badala ya kurudi mezani, wakamwaibisha mwenzao mbele ya dunia nzima.

Rais wa Sony wakati ule alikuwa Norio Ohga, mtu aliyesomea kuimba opera kabla ya kuingia biashara. Hakusahau aibu ile. Mwaka 1992 Kutaragi alimweleza kwamba Sony inaweza kutengeneza mashine yake yenyewe bila Nintendo, na Ohga akampa ruhusa ingawa wakubwa wengine walipinga. Novemba 1993 ikaundwa kampuni ya pekee, Sony Computer Entertainment. Tarehe 3 Desemba 1994 PlayStation ya kwanza ikauzwa Japani kwa yeni 39,800. Septemba 1995 ikafika Marekani kwa dola 299, na mwezi ule ule ikafika Ulaya.

Silaha yake kubwa ilikuwa ile CD yenyewe. Kaseti ya Nintendo ilikuwa na chipu ndani: ghali, inachukua muda kutengenezwa, na nafasi yake ni ndogo. CD moja ilibeba karibu megabaiti 650, na kuichapa kulikuwa rahisi na kwa haraka. Watengenezaji wa michezo wakahama mmoja mmoja. PlayStation ikawa mashine ya kwanza ya michezo ya nyumbani kupita milioni 100.

Namna ilivyotufikia

CD kuwa rahisi kuchapa ilimaanisha pia ni rahisi kuiga. Njo vile sisi tuliipata. Wale wa rika langu mnakumbuka: parseli moja ndani ya komini Kenya, televisheni tatu, benchi la mbao, na mwenye mali amekaa mlangoni na daftari. Unalipa kwa mechi, si kwa saa. Mashine yake ilikuwa imepigwa chipu ili isome diski za kuiga, na diski zilikuwa zinaletwa na wasafiri wa Kasumbalesa. Televisheni moja ilionyesha mchezo mweusi na mweupe tu, kwa sababu mfumo wake wa rangi haukupatana na mashine. Kule njo tulilipa nusu bei.

Baadaye ilipokuja PlayStation 2 na mpira wa Konami, mkubwa mmoja wa pale alikesha usiku mzima akibadilisha jezi za timu moja ziwe nyeusi na nyeupe ili tupate TP Mazembe. Hakuna aliyeniambia siku zile kwamba ndani ya kile kiboksi cheusi inawezekana mlikuwa na udongo wa nchi yangu.

Mwaka 2000

PlayStation 2 iliingia sokoni Japani tarehe 4 Machi 2000. Mwisho wa juma la kwanza karibu mashine 980,000 zilikuwa zimeuzwa. Ilikuwa inasoma DVD, ilikuwa inacheza diski za PlayStation ya kwanza, na akili yake ilikuwa na nguvu hata serikali ya Japani ikaamua, Aprili 2000, kwamba kuipeleka nje kunahitaji kibali maalumu, kwa hofu kwamba inaweza kusaidia kuongoza makombora. Oktoba 26 ilifika Marekani, lakini Sony ilikuwa imeahidi mashine milioni moja kwa siku ile ya kwanza na ikaleta 500,000 tu. Vipuri vilipungua. Mwisho wa safari ilipita milioni 155, na mpaka leo hakuna mashine ya michezo iliyoishinda.

Sasa tuingie ndani ya mashine. Kwenye bodi ya kifaa chochote cha elektroniki kuna vitu vidogo vinaitwa kondensa. Kazi ya kondensa ni kushika umeme kidogo na kuuachilia panapohitajika, ili chipu isipate mtikisiko. Ukiitengeneza kwa tantali inakuwa ndogo sana na inadumu, kwa sababu tantali inajivika ngozi nyembamba ya oksidi isiyopitisha umeme. Na tantali inatoka, pamoja na mahali pengine, kwenye jiwe jeusi zito ambalo sisi huku tunaliita coltan, yaani kolumbiti na tantaliti pamoja.

Mwanzoni mwa mwaka 2000 tantaliti iliuzwa kati ya dola 30 na 40 kwa ratili. Mwisho wa mwaka, kwenye soko la papo kwa papo, ilipita dola 300. Mara nane, mara kumi, ndani ya mwaka mmoja.

Nani aliipandisha? Hapa njo sentensi ya mtoto inaanza kuyumba. Mwaka ule ziliuzwa simu za mkononi zaidi ya milioni 400 duniani. Kompyuta nazo zilikuwa zinapanda, na makampuni ya intaneti yalikuwa yananunua mitambo kama vile kesho haipo. PlayStation 2 kwa mwaka ule wa kwanza zilikuwa milioni chache. Isitoshe, wanunuzi waliogopa kukosa, wakaagiza mara mbili na kuweka akiba ghalani. Bei ilipandishwa na hofu kama vile ilivyopandishwa na mahitaji. PlayStation ilikuwa mmoja tu katika umati, ila jina lake lilijulikana kuliko mengine, kwa hiyo lawama yote ikabandikwa kwake. Miaka michache baadaye waandishi wengine walianza kusema "vita ya PlayStation", na jina likashika.

Je, ilileta vita?

Tuweke tarehe kando kwa kando. Vita ya pili ya Kongo ilianza tarehe 2 Agosti 1998. PlayStation 2 ilitoka Machi 2000. Kabla ya hapo kulikuwa na vita ya 1996. Mtoto hawezi kumzaa baba yake. Vita ilikuwa na sababu zake: siasa za Kinshasa na za majirani, matokeo ya mauaji ya Rwanda ya 1994, mashamba na uraia kule Kivu. Pia wakati ule mzalishaji mkubwa wa tantali duniani hakuwa Kongo, ilikuwa Australia.

Lakini msifurahi mapema, kwa sababu nusu ya pili ya jibu ni nzito. Bei ilipopanda, wakulima wa Kivu waliacha mashamba, watoto waliacha masomo, watu wakaingia hata ndani ya mbuga ya Kahuzi-Biega kuchimba, na wanyama wa mule wakageuka chakula cha wachimbaji. Wenye bunduki walielewa haraka. Novemba 2000 RCD-Goma, iliyokuwa inatawala upande ule, ilitoa ruhusa ya kuuza coltan nje kwa kampuni moja tu, SOMIGL, na ikawa inakata dola 10 kwa kila kilo. Ripoti ya wataalamu wa Umoja wa Mataifa ya Aprili 2001 ilikadiria kwamba jeshi la Rwanda lilipata si chini ya dola milioni 250 kwa coltan ndani ya miezi 18. Vita yenye mapato ya namna ile haina haraka ya kumalizika.

Halafu 2001 bei ikaanguka, ikarudi karibu pale ilipoanzia. Simu zilipunguza kasi, akiba za ghalani zikatosha. Mchimbaji aliyekuwa ameuza mbuzi wake ili anunue sururu alibaki na sururu.

Kwa hiyo jibu langu kwa sehemu hii ni hili: PlayStation haikuanzisha vita. Soko ambalo PlayStation ilikuwa ndani yake lililisha vita, na watu walikufa juu ya ile. Na kama mtu atawauliza kama mashine fulani ya Katuba ilikuwa na coltan ya Kivu ndani, mwambieni hakuna anayeweza kuapa. Mawe ya nchi mbalimbali yalichanganywa kwenye tanuru moja huko nje, na tantali ikishayeyushwa haina pasipoti.

Kobalti ni habari yetu kabisa

Tunaposema coltan, wengi wetu wa Lubumbashi tunajisikia mbali kidogo. Coltan ni Kivu, ni Maniema, ni Manono kule Tanganyika. Lakini hii familia ya PlayStation ina uhusiano na Katanga ya kusini kwa mlango mwingine, na mlango ule ulifunguliwa na Sony yenyewe.

Mwaka 1991, mwaka ule ule wa aibu ya Chicago, Sony ilikuwa kampuni ya kwanza duniani kuuza betri ya lithiamu-ioni. Upande wake wa chanya ulikuwa oksidi ya lithiamu na kobalti. Na mwaka 2006, PlayStation 3 ilipotoka, maneti yake, kile kifaa cha kushika mikononi, hayakuwa tena na waya wa lazima. Ndani yake mlikuwa na betri ya namna ile.

Sasa angalieni sisi tulikuwa wapi. Septemba 1990 sehemu ya mgodi wa Kamoto, kule Kolwezi, ilibomoka. Gécamines, iliyokuwa inatoa tani zaidi ya 400,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, ilishuka chini ya tani 50,000 mwaka 1994, na kobalti ikashuka pamoja nayo. Njo kusema, saa dunia ilikuwa inavumbua kazi mpya ya kobalti, sisi tulikuwa tunapoteza nguvu ya kuitoa. Nguvu ilirudi baadaye, lakini ilirudi na wenye mitaji kutoka nje, pamoja na wachimbaji wa mikono wanaoshuka shimoni na taa ya kichwani. Leo karibu robo tatu ya kobalti ya dunia inatoka Kongo, yaani Lualaba na Haut-Katanga.

Niliporudi Katuba Jumamosi nilikwenda na bisibisi. Tulifungua maneti ya PS3 iliyokuwa imekufa, na nikawaonyesha watoto kile kibetri, kidogo kama biskuti, kimeandikwa 3.7V, 570mAh. Tukafanya hesabu nyuma ya daftari. Kwa kemia ya kawaida ya betri ndogo kama ile, gramu moja ya oksidi inashika kama miliampea-saa 140. Basi inahitajika gramu nne hivi. Asilimia 60 ya uzito ule ni kobalti, kwa hiyo ni gramu mbili na nusu. Tuseme kobalti inauzwa dola 30 kwa kilo: ni senti saba na nusu. Maneti yenyewe, DualShock 3, ilipotoka Marekani mwaka 2008 iliuzwa dola 55 hivi.

Mtoto aliangalia namba zile mara mbili. "Mujomba, ingine yote inaendaka wapi?" Nikamwambia: kwa yule aliyejua kugeuza gramu mbili na nusu kuwa betri, betri kuwa maneti, na maneti kuwa jina ambalo hata weye huku Katuba unalijua.

Wanajifunza kuishi bila sisi

Kuna jambo lingine ambalo ningependa tulifikiri sisi tulio na diplomi, kwa sababu si la watoto.

Mei 1978 vita ilifika Kolwezi. Dunia ikaogopa, bei ya kobalti ikapanda mara kadhaa. Wakati ule kobalti nyingi ilikuwa inaingia kwenye sumaku, hata za spika za redio. Watengenezaji wa spika hawakukaa kungoja tupatane. Walihamia sumaku za feriti, ambazo hazina kobalti, na wengi hawakurudi. Baada ya kasheshe ya 2000, watengenezaji wa elektroniki walifanya vile vile na tantali: palipowezekana waliweka kondensa za seramiki. Na sasa hivi, baada ya serikali yetu kusimamisha kuuza kobalti nje Februari 2025, halafu Oktoba ikaweka kwota badala yake, tani 96,600 kwa mwaka 2026 na kiasi kile kile kwa 2027, magari mengi ya umeme ya China yanatembea tayari na betri za chuma na fosfati. Hazina kobalti hata punje.

Sisemi kwota ni kosa. Mwenye mali ana haki ya kukataa kuiuza kwa bei ya karanga, na bei ilikuwa imeanguka vibaya. Nasema kila mara bei inapopanda, wao wanapata sababu ya kwenda maabara, na sisi tunapata sababu ya kwenda shimoni. Kutaragi alinyimwa CD ya Nintendo, akatengeneza mashine yake. Hasira peke yake haikutosha: nyuma ya hasira ya Ohga kulikuwa na wahandisi waliojua kutengeneza chipu, kiwanda cha kuzikusanya na kampuni iliyokubali kupoteza makuta miaka miwili ikingoja.

Kuhusu damu pia, sheria zimekuja. Mwaka 2010 Marekani ilipitisha ile ambayo watu wa Kivu waliiita "sheria ya Obama", inayolazimisha makampuni yaliyo kwenye soko lao la hisa, Sony ikiwemo, kueleza tantali, bati, tangsteni na dhahabu yao inatoka wapi. Mwaka ule ule serikali yetu ilisimamisha uchimbaji wa mikono Kivu zote mbili na Maniema kwa miezi sita, na familia nyingi zilikula njaa. Baadaye mifuko ikaanza kufungwa lebo. Lakini Aprili 2024 Rubaya, moja ya machimbo makubwa kabisa ya coltan, iliangukia mikononi mwa M23. Ripoti za makampuni zinaendelea kuandikwa kila mwaka, na jiwe linaendelea kutembea.

Basi yule mtoto nimemjibu hivi: hapana, play yako haikuleta vita, endelea kucheza. Lakini usirudie sentensi usiyoweza kuieleza mpaka mwisho, kwa sababu yule anayetuuzia uongo mdogo kuhusu mawe yetu anatuzuia kuona ukweli mkubwa. Amenielewa nusu. Nusu ingine alitaka kuiona kwa macho: "Kobalti yenyewe iko namna gani? Mi sijaionaka."

Hajaiona! Mtoto wa Lubumbashi, anayeona bomba la Gécamines na mlima wa mabaki kila siku akienda masomo, hajawahi kushika jiwe la heterojeniti. Wale wetu mnaofanya kazi Kolwezi, Likasi na Kipushi, naomba jambo moja dogo. Mkishuka Lubumbashi mwisho wa mwezi, leteni kipande kimoja kimoja, malakiti, heterojeniti, na coltan kwa yule mwenzetu aliye Manono. Nimeongea na mwalimu mmoja wa kemia wa Katuba, yuko tayari kutupa saa mbili Jumamosi. Mimi nitaleta bisibisi, ile maneti iliyofunguliwa, na daftari lenye hesabu.